Daftari la Mama Kwenye Turubai

BARUA

Shikamoo mama.

Mimi ni fundi wa kuandika mabango hapa Tanga. Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na sita sasa: majina ya maduka na saluni, vibao vya shule, ubavu wa malori, majina ya madau. Miaka minne iliyopita nilianza kuchora kwenye turubai, usiku, nikishafunga kazi. Kwa kuwa mkono wangu umezoea herufi, karibu kila picha ninayochora ina maneno ndani yake. Sikupanga iwe hivyo. Yanakuja tu.

Mwezi uliopita wachoraji sita tulifanya maonyesho ya pamoja. Mchoraji mmoja mkubwa, ambaye sote tunamheshimu, alisimama mbele ya picha zangu akasema, wageni wakisikia: "Ukishaandika, ujue kuchora kumekushinda." Watu wakacheka. Tangu siku ile sijagusa brashi, ila ile ya mabango.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Mama yangu alifariki mwaka juzi. Alikuwa akiuza maandazi na vitumbua pale nyumbani, na wateja wa mkopo aliwaandika kwenye daftari. Nilichora kigoda chake na karai lake la kukaangia, na nyuma yake, ukuta mzima, nikanakili ukurasa mmoja wa daftari lile, majina na fedha. Niliichora kwa mapenzi. Dada yangu alipokuja kuiona alilia. Akasema nimemwanika mama na nimewaanika majirani. "Mama hakuwa akimdai mtu," akaniambia, akaondoka. Hii ni wiki ya tano hatuzungumzi. Na yupo mtu anayetaka kuinunua picha hiyo, ila anasema ingekuwa bora maneno yawe ya Kiingereza, au yasiwepo kabisa.

Nakutumia picha tatu nilizopiga kwa simu: ya mwanamke anayesubiri basi, ya kigoda cha mama, na ya ukurasa wenyewe wa daftari. Niambie, mama. Nifute maneno?

Fundi, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na mama. Mwaka juzi ni kama jana, na barua yako inaonyesha kwamba bado mnamlilia, wewe kwa brashi na dada yako kwa machozi.

Nimezitazama picha zako kwa siku mbili. Nimezikuza kwenye simu, nimezirudisha, nimekwenda jikoni, nimerudi kuzitazama tena. Ninalo la kukuambia kuhusu yule mchoraji mkubwa, na ninayo mengi zaidi kuhusu daftari.

Yule mzee hakufanya vizuri kukusema mbele za watu. Mkubwa akiwa na neno na mdogo wake, humvuta pembeni. Lakini kwa picha ya mwanamke wa basi, mwanangu, nakubaliana naye. Ngoja nikueleze nilivyoiona. Mwanamke amekaa juu ya jiwe. Ndara moja ameivua, na kifundo cha mguu kimevimba. Kapu liko mapajani, amelishika kwa mikono miwili kama anayehofia kupokonywa. Shingo imegeukia kule basi linakotokea. Nilimwona, miguu ikaniuma mimi. Kisha nikapandisha macho nikakuta KUSUBIRI, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kubwa kuliko kichwa chake. Neno lile limekuja kunieleza nilichokwisha kukiona, tena likanitoa kwake. Futa hilo. Kifundo cha mguu kimeshasema.

Ila mzee alipoligeuza kosa la picha moja likawa sheria ya picha zote, hapo alipotea njia. Na nataka ujue kwa nini alipotea, kwa sababu nahisi fedheha uliyoipata pale imeanza kuchafua hata kazi inayokulisha.

Mwaka 1911, huko Ufaransa, Georges Braque alichora picha inayoitwa Le Portugais. Ni mtu na gitaa lake, wamevunjwavunjwa vipande vya rangi ya kahawia na kijivu, mpaka unautafuta mkono usiuone. Juu ya vipande hivyo Braque akapiga herufi na tarakimu kwa stensili, zilezile za kwenye makasha na mabango ya mitaani. Ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa katika uchoraji wa kisasa wa Ulaya kuingiza herufi kwa namna hiyo. Alikuwa na sababu yake ya kichoraji: gitaa lina mbele na nyuma na linaweza kuvunjwa, lakini herufi haina mgongo. Imelala juu ya ubao, basi. Ukiiweka juu ya picha iliyosambaratika, inamkumbusha mtazamaji kwamba mbele yake kuna uso bapa uliopakwa rangi, na vipande vyote vinaanza kusogea mbele na nyuma kulingana na herufi ile.

Sasa sikiliza alikotoka Braque. Babu yake na baba yake walikuwa mafundi rangi wa nyumba, na yeye mwenyewe ujanani alijifunza kazi hiyohiyo. Alijua kuiga mishipa ya mbao kwa kitana, alijua stensili. Mwaka uliofuata swahiba wake Pablo Picasso naye aliandika JOU kwenye picha ya meza ya mgahawa, herufi tatu zinazoweza kuwa mwanzo wa neno la Kifaransa la gazeti au la mchezo. Watu wamezizungumzia hizo tatu zaidi ya miaka 100. Lakini mimi kila nikifikiria habari hii naiona mikono ya fundi rangi. Herufi zilibishiwa hodi kwenye sanaa ile na mtu wa kazi kama yako.

Na karibu zaidi na kwetu yupo Chéri Samba wa Kinshasa. Huyo alianza na mabango hasa, kisha mwaka 1975 akafungua karakana yake. Aliona kwamba wapita njia wanazitupia jicho picha zake na kuendelea na safari. Akaanza kuandika ndani ya picha, sentensi nzima nzima, kwa Kifaransa na kwa Kilingala, ili watu wasimame. Anayesoma haondoki kabla ya kumaliza, na wakati anasoma, jicho linazurura kwenye rangi. Mwaka 1989 picha zake zilitundikwa Paris katika maonyesho ya Magiciens de la terre, zikiwa na maneno yake yote. Mabango hakuyaacha nje mlangoni.

Niliwahi kukaa pwani Pangani asubuhi moja nikimtazama fundi anaandika jina la dau. Alipiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, mara mbili, juu na chini. Alikuwa na kifimbo chenye kitambaa kichwani, anakiegemeza kwenye ubao na kulaza mkono juu yake ili usitetemeke. Herufi ya S aliianza tumboni, akapanda, akarudi, akashuka. Nikamuuliza kwa nini herufi za mwisho ni pana kuliko za mwanzo. Akanirudisha nyuma hatua kumi, na kweli, kwa kuwa ubao wa dau unapinda kuelekea tezi, kutoka pale herufi zote zilikuwa sawa. Yule mtu alikuwa anachora. Alijua ubao, alijua jicho la aliye mbali, alijua rangi ipi itaonekana jua la jioni likipiga. Unayajua hayo yote, mwanangu, na wengi wanaochora kwenye turubai hawayajui.

Basi kama kuandika kwenye picha si aibu, neno tulipime kwa nini? Fungua sanduku la mama, toa kanga yoyote, itandaze mkekani.

Kuna pindo, kuna mji, na chini ya mji kuna jina. Hebu angalia hapo: watu wetu hawasemi maandishi ya kanga, wanasema jina. Mwanamke dukani huuliza "inasemaje?" kabla hajauliza bei, na kanga isiyosema kitu huiweka kando hata rangi zake ziwe za kupendeza namna gani. Mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zinajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, ndiye anayetajwa sana watu wanapozungumzia mwanzo wa kutia maneno kwenye vazi hili. Kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye Kilatini. Na kabla ya kanga, kwenye msikiti wa Kizimkazi kule Unguja, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Nimewahi kusimama mbele yake nikiwa sijui kusoma hata neno moja, nikakaa nayo muda mrefu. Yule aliyeyachonga, ukimuuliza kama anaandika au anachora, angekushangaa.

Lakini nataka uitazame kanga kwa jambo jingine. Mji umejaa korosho, tuseme. Jina linasema habari ya jirani mwenye maneno mengi. Korosho haimwelezi jirani, wala jirani haielezi korosho. Vimewekwa pamoja, na katikati yao kuna nafasi, na katika nafasi hiyo anaingia aliyeivaa na anayemtazama. Kisha kanga ikifungwa, jina mara nyingi hukaa nyuma. Mwenye kanga hajisomei, anasomwa na walio nyuma yake. Nani aliwekewa neno lile? Huyo aliye nyuma anajiuliza njia nzima.

Huo ndio mzani wangu. Neno kwenye picha liwe na kazi ambayo rangi haikuifanya, na liwe na mtu linayemwendea. KUSUBIRI haikuwa na kazi wala haikuwa na mtu.

Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 akakulia Uingereza, na ambaye mwaka 2017 alipewa tuzo ya Turner, ametengeneza kazi nyingi kwa mpangilio wa kanga, na maneno yake yamo ndani. Ila kazi yake nyingine ndiyo iliyonijia nilipokuwa nikisoma barua yako. Kwa miaka kama kumi, kuanzia 2007, alikusanya kurasa za gazeti la The Guardian zenye picha za watu weusi, akazipaka rangi na nakshi juu ya sehemu za ukurasa. Alitaka tuone jinsi kichwa cha habari kilichowekwa jirani na uso wa mtu, hata kama ni cha habari nyingine, kinavyouharibu uso ule. Neno likikaa kando ya mtu humgeuza. Hilo dada yako alilijua kwa moyo kabla hajalitamka.

Kwa hiyo sasa tuje kwa mama.

Nimeziweka picha mbili pamoja, turubai na ukurasa wa daftari. Kigoda umekichora vizuri mno. Kile kibonyeo cha kukaliwa miaka, na ule mwanga wa mafuta ukingoni mwa karai, vimenifanya nisikie harufu. Ila ukuta wa nyuma ni wako, si wake. Umeandika kwa herufi zako za dukani, kubwa, zimenyooka, nafasi sawasawa. Umemsahihisha. Yeye kaandika "mandazi", wewe umeandika MAANDAZI. Yeye namba 7 yake ina kikono katikati, yako haina. Mstari wake unaanza juu na kuteremka kadiri unavyokwenda kulia, kama mtu anayechoka. Wako umepigwa kwa uzi wa chaki.

Sikulaumu. Mtu wa kazi yako akiona mstari umepinda, mkono unawasha. Lakini fikiri mwandiko ule ulitoka wapi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata mama zetu wengi waliingia madarasani jioni, wametoka shamba, wametoka sokoni, mtoto mgongoni, kalamu vidoleni kwa mara ya kwanza. Sijui kama mama yako alikuwa mmoja wao, muulize dada. Ila namna alivyoikandamiza kalamu mpaka karatasi ikaumuka upande wa pili, hata kwenye picha ya simu inaonekana, hiyo ni kalamu ya mtu aliyejifunza ukubwani na asiyetaka kusahau. Ukimnyooshea herufi, umemwondoa yeye na umebakiza hesabu.

Hapa nikupe habari ya Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930. Baba yake alikuwa na chuo cha Kurani, na yeye alijifunza kuandika utotoni humo. Akaenda London kusoma uchoraji katika chuo cha Slade, akarudi Khartoum mwaka 1957 na picha za namna aliyofundishwa. Akazionyesha, watu hawakuziona kuwa zao. Alikaa muda hachori, kama wewe sasa, akazunguka nchini akitazama vilivyokuwa mbele ya macho ya watu kila siku: maandishi ya Kiarabu na nakshi za vyombo, mikeka na nyumba. Aliporudi kwenye kazi alianza kuweka maandishi kidogo pembeni mwa picha. Kisha akayasogeza ndani. Kisha akaivunja herufi yenyewe, na kwenye vipande vyake, kwenye matumbo na nafasi za ndani, yakaanza kutokea maumbo: wanyama, mimea, nyuso zilizorefuka. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern la London lilifanya maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha.

Nakuletea habari hiyo kwa sababu ya hatua ile ya kuivunja herufi. El-Salahi hakuingiza ujumbe kwenye picha. Aliingiza mkono aliofundishwa nyumbani kwa baba yake, akaufuata ulikokwenda. Wewe una mikono miwili iliyokufundisha herufi, wa kazi yako na wa mama, na kwenye turubai lile mmoja umemziba mwenzake.

Kisha nikaona jambo ambalo, nakiri, lilinifanya niweke simu chini.

Ukurasa wa daftari una mistari kumi na minne ya madeni. Kumi na mmoja imekatwa. Mama amepitisha kalamu juu ya jina na juu ya fedha, mstari mmoja mnene, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwenye picha yako mistari yote kumi na minne ipo, safi, hakuna hata mmoja uliokatwa. Nadhani uliona mikato ni uchafu. Ulitaka ukuta usomeke. Lakini umewarudishia majirani madeni waliyokwisha kuyamaliza, na umemfanya mama akae katikati ya watu anaowadai. Dada yako alikuambia mama hakuwa akimdai mtu. Ukaona anaongea kwa uchungu. Alikuwa anausoma ukurasa, mwanangu. Alikuwa anasema kilichoandikwa humo.

Kwenye sanaa kuna waliojua nguvu ya kukata. Jean-Michel Basquiat wa New York, aliyefariki mwaka 1988 akiwa na miaka 27, alijaza picha zake maneno na kisha akayapiga mistari mengi ya hayo, kwa makusudi, akijua kwamba neno lililokatwa ndilo watu wanalolisogelea kulisoma. Glenn Ligon, naye Mmarekani, mwaka 1990 alianza kuchukua milango ya mbao, akaandika juu yake kwa stensili sentensi moja iliyotoka kwenye insha ya Zora Neale Hurston, mara nyingi, kutoka juu hadi chini. Juu inasomeka. Kadiri unavyoshuka, rangi nyeusi ya mafuta inaziba, stensili inachafuka, herufi zinaingiliana, na chini kabisa umebaki weusi mnene tu. Maneno bado yapo, kila moja limeandikwa, ila huwezi tena kuyachukua ukaenda nayo. Ukisimama mbele ya mlango ule wenye kimo cha mtu, unajua kuna mtu amesema jambo.

Dada yako ana haki nyingine pia, ya majirani. Majina yale ni ya watu wanaopita mtaani kwenu asubuhi. Mama aliyaandika kwenye daftari lililokaa chini ya mto au juu ya kabati, sijui, lakini halikukaa ukutani. Deni la andazi ni jambo la watu wawili. Ukiliweka kwenye maonyesho, na mnunuzi akaondoka nalo, umempa mgeni kitu ambacho mama hakumpa hata jirani wa mlango wa pili. Kwa hili sikupi nafasi ya kujitetea kwamba sanaa ina uhuru wake. Ina uhuru wa mambo yako. La mtu mwingine linaombwa.

Ila usifute ukuta. Nasema hivi nikijua uzito wake. Ukiufuta, kitabaki kigoda na karai, picha nzuri ya vyombo vya mwanamke asiyejulikana. Daftari ndilo linalotuambia kwamba aliyekaa pale alikuwa anakopesha, anahesabu, anasubiri mwisho wa mwezi wa watu wengine, na anasamehe. Hiyo ndiyo kazi ambayo rangi haikuifanya na isingeweza.

Rudisha mikato. Anza upya huo ukuta, kwa mwandiko wake, na "mandazi" yake, na mistari yake inayoteremka. Tumia brashi nyembamba, si ile bapa ya mabango, na ule uzi wa chaki uufungie kabatini. Kisha kata alipokata, kwa unene aliokata. Utaona majina mengi yatajificha yenyewe chini ya mkato, fedha nazo zitazibika, bila wewe kubuni kitu. Mama alishawasitiri.

Inabaki mistari mitatu ambayo haikukatwa. Hiyo usiiamue peke yako.

Kabla sijafika huko, neno fupi la mnunuzi. Anayetaka Kiingereza anataka picha nyingine. Mwambie kwa adabu, na kama una njaa ya fedha mchoree nyingine kweli, si dhambi. Lugha ndani ya picha ni ya yule unayesema naye. Kule Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yake katika picha zaidi ya 100 na kuandika juu yake kwa Kifaransa, lugha ya shule na ya serikali, maana alitaka zisomeke kama historia inavyoandikwa. Lakini alipokaa na mwanaanthropolojia Johannes Fabian miaka ya 1973 na 1974 kuzieleza moja moja, alizieleza kwa Kiswahili cha kwao, na maelezo yale yana mengi ambayo maandishi ya kwenye picha hayakuyabeba. Alijua lipi la ukutani na lipi la mdomoni. Mama yako hakuandika madeni ya vitumbua kwa Kiingereza. Mgeni asiyejua Kiswahili ataona mikato, ataona kalamu iliyokandamizwa, na kigoda kilichobonyea. Hatakosa kitu kikubwa kuliko nilichokosa mimi mbele ya jiwe la Kizimkazi.

Sasa nenda kwa dada. Usiende na picha, wala usiende na maelezo ya Braque na Samba. Hayo nimekupa wewe, si yake. Nenda jioni, ubebe daftari lenyewe. Yeye ni mkubwa wako, kwa hiyo wewe ndiye wa kuanza kusalimia na wewe ndiye wa kuomba radhi, na uombe kwa lile la mikato, kwa sababu hapo ulikosea kweli. Mpe daftari mkononi.

Halafu muulize ambalo mimi siwezi kukujibu, na nadhani yeye anaweza, maana umeniambia mama aliuzia nyumbani na mtoto wa kike wa nyumba ile lazima alikuwa akikaa naye karaini. Ile mistari kumi na mmoja iliyokatwa, ipi ililipwa na ipi ilisamehewa? Pengine mama alikuwa na namna mbili za kukata. Nimeikuza picha yako mpaka imevunjika, nikaona kama mikato mingine inatoka kushoto na mingine inarudi kutoka kulia, lakini simu yangu hainionyeshi vizuri. Kaeni chini ya taa muitazame wote wawili. Na ile mitatu iliyobaki wazi, mwache yeye ashike kalamu.